Ukurasa wa Nyumba ya Tatu

Silipendi kabati la chuma. Mtu akiniambia ameweka karatasi za ukoo wake kabatini na kuzifungia humo, namuuliza ufunguo anao nani. Akinitajia mtu mmoja tu, basi kwangu hizo si karatasi za ukoo tena, ni za huyo mtu. Wanangu husema nina kisirani. Ninacho, na nitaeleza nilikotoka nacho.

Kabati lenyewe lilikuwa la baba mkubwa. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii enzi za mkoloni, na Wazungu walipofungasha virago alilinunua mnadani. Lilikuwa la kijivu, droo nne, likapandishwa milima hadi kwetu upande wa Ikonge kwa mkokoteni wa ng'ombe. Akalisimamisha sebuleni, akalitandikia kitambaa cha kufuma, na tangu siku hiyo hukuweza kuingia kwake bila kuonyeshwa jinsi droo inavyoteleza. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumamosi kwetu ni Sabato, hakuna kazi. Lakini alasiri ya Sabato alishika faili zake, akasema kupanga vizazi si kazi, maana Biblia imejaa vizazi. Hakuna aliyembishia. Ukimbishia alikufungulia kitabu na kukusomea mpaka chai ipoe.

Ili ugomvi wetu ueleweke, lazima niseme nyumba yetu ilivyokuwa. Babu alioa wake watatu, na kwetu kila mke ni nyumba: ana shamba lake, na wanawe hurithi upande wa mama yao. Baba mkubwa alikuwa kifungua mimba wa nyumba ya kwanza. Nyanya yangu alikuwa nyumba ya tatu. Alizaa mabinti wanne, mwana wa kiume hakupata hata mmoja, na babu akafa. Nyumba isiyo na mwana wa kiume, shamba lake humezwa na nyumba nyingine. Nyanya hakukubali kumezwa. Alichukua ng'ombe wa mahari ya bintiye wa mwisho, akaenda kumposa mama yangu awe mke wa mwana ambaye yeye hakujaliwa kumzaa. Ndiyo desturi yetu, na si ya kuchekwa. Mama aliolewa kwa heshima zote, mbuzi akachinjwa, wazee wakala. Watoto aliowazaa, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukawa watoto wa mwana huyo na wajukuu halali wa nyumba ya tatu. Aliyetuzaa kwa damu hatajwi, na mimi sitamtaja. Baba yangu ni mtu ambaye hajapata kuwako duniani, na sijawahi kuona haya kwa hilo.

Mwaka uliofuata Uhuru nilikuwa msichana, mwalimu asiye na cheti, nafundisha darasa la tatu. Wazee walikuwa wakifa mmoja mmoja na kuondoka na habari zao, nami nilikuwa na kiburi cha kalamu. Nilikwenda Kisii nikanunua daftari nene la jalada gumu katika duka la Mwislamu mmoja karibu na soko la ndizi, nikaligawa sehemu tatu, nyumba kwa nyumba. Kila Jumapili nilipanda na kushuka matuta, nikiwauliza vikongwe nani alimzaa nani, nani alihama kutoka wapi, nani alioa kwa ng'ombe wa dada yupi. Nikakusanya na vikaratasi: kipande ambacho mkoloni alimlazimisha babu atembee nacho, vyeti vya ubatizo, barua mbili za ndugu mmoja aliyekwenda vitani akatuandikia kutoka mahali ambapo hata yeye hakujua kupataja. Vyote nikavitia kwenye bahasha na kuzibana kati ya kurasa.

Baba mkubwa alifurahi mno. Alitaka kila ukurasa niliokamilisha aletewe, ausome, arekebishe, kisha chini yake aandike kwa wino wa bluu: "Imekaguliwa." Halafu sahihi. Sijaona mtu aliyependa sahihi yake kama yule. Ilikuwa na mkia uliozunguka mara tatu na nukta mbili chini, na karatasi tupu ikiachwa mbele yake aliitia sahihi kama mbwa aliyeona nguzo. Nilipomletea ukurasa wa ndoa ya mama yangu alikaa nao siku nzima. Alinirudishia akiwa ameongeza mistari yake mwenyewe, na mkia wa sahihi siku hiyo ulikwenda hadi pembeni. Nilimshukuru. Nilikuwa mjinga wa miaka ishirini na mitatu.

Niliishi na nyanya katika nyumba yake ya nyasi, mama na mdogo wangu wakiishi nyumba yao hatua chache kando. Daftari nilikuwa nikilala nalo chini ya kitanda, ndani ya katoni ya sabuni. Mvua za Aprili zilipoanza, katoni ikaloa. Mende wakala gundi ya jalada. Panya akatafuna kona ya barua ya vitani. Nilikuwa natandaza karatasi uani kila jua likichomoza, nazikimbiza ndani kila wingu likipita, na nilichoka. Baba mkubwa akapita akaniona nikipuliza ukungu.

"Mwalimu," akaniambia, maana aliniita hivyo nikimfaa, "mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila kabati je? Lete kwangu."

Nilimwambia nyanya jioni ile kwamba kesho napeleka daftari. Alikuwa anachambua mtama wa mbegu, hakuinua kichwa.

"Kitu cha nyumba hii hakilali nyumba nyingine," akasema.

"Nyanya, hapa litaoza."

"Mbegu zangu zimeoza lini? Kiweke uchagani juu ya meko, moshi ukilinde. Mdudu haingii kwenye moshi."

Nilimcheka. Nikamwambia karatasi si mbegu za wimbi. Nikamwambia moshi utazifanya nyeusi kama sufuria, na kwamba baba mkubwa ana kabati linalofungwa kwa ufunguo, na kwamba watu wa leo hawahifadhi historia juu ya ugali. Nilisema mengi. Nyanya aliendelea kuchambua mtama, na mimi nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Asubuhi nilipofungua daftari kulipangusa, ukurasa wa ndoa ya mama haukuwamo. Ulikuwa umechanwa kwa mkono, si kwa wembe, ukaacha meno meno kwenye mshono. Nyanya alikuwa ameketi kizingitini anavuta ugoro. Ugoro wake alikuwa akiufunga kwa karatasi yoyote aliyoiokota, hata madaftari ya wanafunzi wangu yalikuwa yamewahi kupungua.

"Umeupeleka wapi?" nikauliza.

"Ni wa nyumba yangu."

"Umefungia ugoro?"

Hakunijibu. Nilimpigia kelele, mimi mjukuu, mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto. Nilimwambia ameharibu kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya pua yake. Maneno hayo niliyasema, siyapambi. Siku hiyo hiyo nikahamisha kitanda changu nyumbani kwa mama, na tangu hapo sikula tena katika sahani ya nyanya. Nikimpita nilimsalimia kwa midomo, kama unavyomsalimia askari kanzu.

Na daftari nikalipeleka. Baba mkubwa alilifungua palepale, akafika nyumba ya tatu, akapitisha kidole kwenye yale meno.

"Hapa pana nini?"

"Nyanya amechana. Amefungia ugoro."

"Una hakika umepotea kabisa?"

"Umekwisha kuwa majivu na chafya," nikasema, kwa uchungu, na nikitaka anihurumie.

Akafunga daftari taratibu, akaliweka droo ya pili, akafunga kwa ufunguo. Alisema pole. Nakumbuka alisema pole na nakumbuka nilifarijika.

Miezi michache baadaye aliniita nimsaidie kupanga faili, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Alikuwa amenunua faili za kahawia. Ya kwanza ameiandika Nyumba ya Kwanza. Ya pili, Nyumba ya Pili. Ya tatu ilikuwa tupu, akanitajia cha kuandika.

"Andika Abamenyi."

Kwetu omomenyi, wakiwa wengi abamenyi, ni mtu aliyekuja kutoka kwingine akapewa mahali pa kujishikiza. Analima, anajenga, hata watoto anazaa, lakini ardhi si yake, na siku yoyote anaweza kuambiwa ahsante, sasa rudi kwenu. Nilidhani kuna familia kama hiyo amewakumbuka. Nikaandika, kwa herufi kubwa na mwandiko wangu mzuri. Kisha akaanza kunipa karatasi za kutia ndani, na ya kwanza ilikuwa cheti cha ubatizo cha mdogo wangu.

"Hii ni ya nyumba ya tatu," nikasema.

"Nyumba ya tatu iliisha bibi yako alipokosa mwana. Wewe mwenyewe umeandika. Kitabuni hakuna ndoa ya mama yako."

"Ilikuwamo. Ulitia sahihi."

"Iko wapi?"

Nilimtazama, naye akanitazama kwa utulivu wa mtu anayekagua. Nikaomba daftari langu. Akasema karatasi zikishaingia kwenye faili ni za ukoo, haziwezi kutoka ovyo ovyo. Nilitoka pale mikono mitupu. Unadhani nilikwenda kwa nyanya kumwomba radhi? Nilimchukia zaidi. Niliona ni yeye aliyempa baba mkubwa kisu, na kila nilipomwona akinusa ugoro wake nilihisi ni ndoa ya mama yangu anainusa.

Nyanya alikufa mwaka wa tatu wa chuki hiyo. Alizikwa kando ya nyumba yake, na baba mkubwa akasoma wasifu wake kutoka kwenye karatasi ya faili. Alimtaja kama mjane wa babu, akataja mabinti wanne, akaketi. Mama na sisi wawili hatukutajwa. Waombolezaji waliinamisha vichwa wakijifanya wanaomba. Mimi nililia, lakini kilio changu nusu yake kilikuwa hasira, na hasira hiyo nusu yake ilikuwa kwa marehemu.

Halafu upimaji wa mashamba ukafika kwenye tuta letu. Kila kipande kilitakiwa kiandikwe jina la mtu mmoja, na wazee wa kamati waliketi na ofisa wa ardhi katika darasa nililokuwa nikifundishia, wakisikiliza nani ni wa wapi. Shamba la nyumba ya tatu lilikuwa limepakana na la baba mkubwa, limeteremka hadi mtoni, na mama alikuwa ameanza kupanda chai humo. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Akiandikwa mjukuu wa nyumba ya tatu, shamba ni lake. Akiandikwa omomenyi, angemchukua mama na blanketi zake wakatafute pa kwenda, na mimi nilijua hapakuwa na pa kwenda.

Siku ya shauri baba mkubwa alikuja na koti, tai na daftari langu. Ofisa alikuwa kijana wa mbali asiyejua Ekegusii, kwa hiyo mambo yalisemwa kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho alichokipenda baba mkubwa, kwa vile ni lugha ya ofisi.

"Bwana ofisa," akasema, "mimi siongeangi maneno ya mdomo. Mimi naongea na karatasi. Hii kitabu iliandikwa na huyu msichana mwenyewe. Fungua nyumba ya tatu. Kama utaona ndoa hapo, mimi nitoke nje."

Ofisa akafungua, akageuza kurasa mbele na nyuma. "Hakuna," akasema.

Nikasimama. "Kuna ukurasa ulichanwa."

"Ulichanwa na nani?"

"Na nyanya yangu. Marehemu."

"Mtu atachana aje karatasi ya haki yake?"

Baba mkubwa akanisaidia. "Mwenyewe aliniambia. Alifungia nayo tumbaku."

Darasa zima likacheka, wakiwamo wazee waliokula mbuzi wa ndoa ya mama yangu na kupangusa mafuta midomoni. Mzee mmoja wa kamati akauliza, "Na wewe huijui hii ndoa?" Baba mkubwa akaweka mkono juu ya daftari, akasema mbele ya wote kwamba hajui ndoa yoyote katika nyumba hiyo, hakualikwa, hakuiona. Ofisa akaandika. Akasema watarudi baada ya wiki mbili kutoa uamuzi, na mwenye la ziada alilete.

Tulirudi nyumbani. Mdogo wangu akaenda kukata nyasi za ng'ombe ambao hawakuwa na njaa. Mama akavua kitambaa cha kichwani, akaingia kwenye nyumba ya nyanya, nami nikamfuata, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Alikuwa akiwasha moto humo kila siku tangu msiba, akisema nyumba isiyo na moshi huanguka. Akapanda juu ya kigoda, akapenyeza mkono uchagani, akashusha kikapu cha wimbi wa mbegu. Akachimba ndani kwa vidole. Akatoa kifurushi cha ganda kavu la mgomba, kimefungwa kwa uzi wa katani.

Ndani ulikuwamo ukurasa. Ulikuwa wa kahawia kama maji ya chai, unanuka moshi, na kila herufi ilisomeka. Hakuna mdudu aliyeugusa.

"Ulijua?" nikamuuliza mama.

"Tangu siku ile."

"Na ukaniacha niaibike leo mbele ya watu?"

"Nyanya yako alisema usitolewe mpaka yule mtu akane mbele ya watu. Akikana nyumbani, ataungama nyumbani, na nani atasikia?"

"Kwa nini mimi sikuambiwa? Miaka yote hii?"

Mama alirudisha wimbi kikapuni, punje kwa punje zilizomwagika. "Alisema wewe usiambiwe kabisa. Alisema mdomo wako ulikwenda kabatini pamoja na kitabu."

Nilikasirika, ndiyo. Nilimkasirikia mama kwa kunyamaza na nyanya kwa kufa.

Wiki mbili zilipopita ofisa aliuweka ule ukurasa kwenye mshono wa daftari. Meno yaliingiana, jino kwa jino. Kisha akasoma kwa sauti, na alipofika chini akasoma na mistari ya wino wa bluu, ile aliyoiongeza baba mkubwa mwenyewe siku aliyokaa na ukurasa: kwamba ndoa hii ni ya halali, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeswaga ng'ombe hadi kwa wakwe na kukaa mbele katika karamu, imekaguliwa. Na ile sahihi, mkia mara tatu, nukta mbili. Ofisa akamgeuzia karatasi.

"Hii mkono ni ya nani, mzee?"

Baba mkubwa aliitazama kwa muda. Nadhani hata wakati ule aliiona ni nzuri. "Ni yangu," akasema, akachukua kofia yake.

Ofisa akamwandika mdogo wangu. Alipofika pa jina la baba, mama akalitaja jina ambalo nyanya alimpa mwana wake huyo kabla ya kwenda kuposa. Ofisa akauliza kama yu hai. Mama akasema hapana, ofisa akaandika marehemu, na hakuna mtu darasani aliyecheka.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa baba mkubwa na kikapu. Nikamwambia afungue droo. Alifungua, nikachukua daftari, kipande cha babu, barua za vitani, vyeti, vyote. Faili ya Abamenyi niliitoa pia, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu.

"Zitaliwa na mchwa huko kwenu," akasema.

"Zikiliwa, zitaliwa na mchwa wa nyumba yetu."

Nilikata daftari kwa wembe, vipande vitatu. Cha nyumba ya pili nikawapelekea nyumba ya pili, walishangaa wakakitia sandukuni. Cha nyumba ya kwanza nikamwachia mke wa baba mkubwa mlangoni. Cha kwetu nikakifunga kwa ganda la mgomba na kukipandisha uchagani, na ukurasa ule juu yake, bila kuubandika. Faili nikaitumia kuwasha moto. Iliwaka vibaya, kadi nzito haipendi kuwaka.

Baba mkubwa alikufa miaka michache baadaye, kabati bado limesimama sebuleni. Nilikwenda msibani nikapika, kwa kuwa watu wangesema. Sikumsamehe, na sitaki mtu aniambie chuki huniumiza mimi mwenyewe. Inanifaa. Inanikumbusha kuuliza ufunguo anao nani.

La nyanya ndilo haliishi. Nilimwomba radhi kaburini mara nyingi, lakini kaburi halinijibu, kama yeye ambavyo hakunijibu kizingitini. Mara nyingine, nikishusha kikapu kubadilisha ganda, najipa moyo kwamba labda alikosea kuninyima siri, kwamba mimi ni mjukuu wake na ningeitunza. Halafu najiona nilivyokuwa, nimesimama mbele ya kabati la kijivu na daftari kifuani, nikitaka kuhurumiwa. Kama angeniambia ukurasa uko uchagani, ningemwambia baba mkubwa siku hiyo hiyo.